Mchezaji anatukanwa nyani, wakubwa wa ligi wanajibu nini?

Siku ya yenga tarehe 21 mwezi wa tano 2023, kwenye uwanja wa Mestalla katika mji wa Valencia, inchi ya Hispania, Vinícius Júnior wa Real Madrid alisimama nyuma ya goli na kumnyooshea kidole mtu mmoja katikati ya mashabiki. Alikuwa anamwonyesha mwamuzi: njo huyu, njo huyu ananiita nyani. Mchezo ukasimama. Kipaza sauti cha uwanja kikaonya watu waache matusi. Kisha mpira ukaendelea, na katika dakika za mwisho kukatokea mvutano wa wachezaji, na Vinícius mwenyewe ndiye akapewa kadi nyekundu. Valencia ikashinda 1-0.

Wapenzi wa kabumbu wa Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo wanaofuata ligi ya Hispania wanaikumbuka ile picha. Wachache zaidi wanakumbuka kilichofuata usiku uleule.

Vinícius aliandika kwenye mtandao kwamba haikuwa mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu, na kwamba katika La Liga ubaguzi wa rangi umekuwa kitu cha kawaida. Jibu la mkubwa wa La Liga, Javier Tebas, halikukawia. Lakini hakuwajibu wale waliotukana. Alimjibu mchezaji. Alisema Vinícius hakufika kwenye mikutano miwili ambayo yeye mwenyewe aliiomba, na kwamba mbele ya kukosoa Ligi na kuchafua jina lake, ni vizuri kwanza ajielimishe. Kisha akaongeza kwamba Hispania si inchi ya wabaguzi, La Liga pia si ya wabaguzi, na kwamba msimu ule Ligi ilikuwa imepeleka malalamiko tisa juu ya matusi ya kibaguzi, nane kati yake yakimhusu Vinícius.

Tebas alileta hesabu hiyo ili kuonyesha kwamba Ligi inafanya kazi yake. Mtu anaweza kuisoma pia kwa upande mwingine. Nane kwa tisa, msimu mmoja, juu ya kijana mmoja wa miaka 22.

Mambo yakawa makubwa haraka. Rais Lula wa Brazil, aliyekuwa Hiroshima kwa mkutano wa G7, alimsemea Vinícius mbele ya waandishi wa habari wa dunia nzima. Kule Rio de Janeiro wakazima taa za ile sanamu kubwa ya Kristo iliyo juu ya mlima. Siku tatu kisha mchezo, Tebas akaomba msamaha, kwa namna ya wakubwa: alisema hakukusudia kumshambulia mchezaji, lakini ikiwa watu wengi walielewa vile, basi shuruti aombe msamaha.

Watu wengi walisema ni hasira ya Tebas, mtu anayependa kugombana kwenye mitandao. Pengine. Lakini ukiangalia ligi nyingine, ule mpangilio wa majibu unarudi: kwanza kulinda jina la ligi, kisha kuuliza mchezaji alifanya nini, na kisha tu, ikiwa kelele zinaendelea, kumgeukia shabiki aliyetukana. Jambo hilo liko na sababu yake. La Liga ni chama cha vilabu. Rais wake anachaguliwa na vilabu, na kazi yake kubwa ni kuuza haki za televisheni katika inchi nyingi za dunia, Afrika ikiwemo. Mchezaji akisema mbele ya dunia kwamba bidhaa hiyo ina ugonjwa, mwuzaji anaskia kwanza kwamba bei inashuka. Kwamba mtu ameumizwa, hilo linakuja nyuma.

Hata hivyo Tebas alikuwa na hoja moja isiyopaswa kutupwa. Kwa sheria ya Hispania, La Liga haina nguvu ya kufunga uwanja wala kukata pointi juu ya matusi. Inaweza tu kuona, kuandika na kupeleka malalamiko. Kutoa azabu ni kazi ya kamati za shirikisho la kabumbu, ya tume ya serikali inayopigana na jeuri viwanjani, ao ya tribinali. Tebas amesema mara nyingi kwamba akipewa hiyo nguvu angemaliza tatizo kwa muda mfupi.

Basi malalamiko yale yalikuwa yanafika wapi? Mwezi wa tisa 2022, mashabiki wa Atlético Madrid waliimba nyimbo za kumwita Vinícius nyani nje ya uwanja wao, mbele ya kamera. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa Madrid iliifunga faili hiyo mwisho wa mwaka. Sababu? Maneno yale yalikuwa mabaya na ya kukosa heshima, lakini yalidumu sekunde chache tu, na yalisemwa katika mchezo wa wapinzani wakubwa. Mwezi wa kwanza 2023, mbele ya mchezo mwingine wa timu hizo mbili, sanamu iliyovaa jezi ya Vinícius ilitundikwa kwa shingo kwenye daraja moja la Madrid.

Kwa hiyo Ligi ilikuwa inasema: sisi tumepeleka barua. Shirikisho likasema: tumetoa azabu kwa kilabu. Mwendesha mashtaka akasema: ni sekunde chache. Kila mmoja alipiga pasi kwa mwenzake, na hakuna aliyepiga kwenye goli. Mtu yeyote aliyewahi kufuata karatasi moja kutoka ofisi mpaka ofisi anaujua mchezo huo.

Kisha Mestalla, kamati ya shirikisho ilifuta kadi nyekundu ya Vinícius, ikafunga sehemu moja ya uwanja wa Valencia kwa michezo mitano, na kukata faini ya euro 45,000. Kilabu kikalalamika. Kwenye rufaa michezo mitano ikawa mitatu, na faini ikashuka mpaka euro 27,000. Kwa kilabu cha daraja la kwanza Hispania, hizo ni pesa ambazo hazimtishi mtu. Mwaka wa 2006 pia, wakati Samuel Eto'o wa Barcelona alipotaka kutoka uwanjani Zaragoza juu ya sauti za nyani, na wenzake pamoja na mwamuzi wakamsihi abaki, kilabu cha Zaragoza kililipa euro 9,000. Karibu miaka kumi na saba kati ya mambo hayo mawili, na dawa ni ileile: mfuko wa kilabu unaguswa kidogo, na mtu aliyefungua kinywa anarudi kwake kula.

Kitu kilichobadilika kweli kilikuja kwa njia ya tribinali. Tarehe 10 mwezi wa sita 2024, tribinali ya Valencia iliwahukumu mashabiki watatu waliomtukana Vinícius siku ile ya Mestalla: miezi minane ya kifungo kila mmoja, na miaka miwili bila kuingia uwanjani. Walikuwa wamekubali kosa. Ilikuwa mara ya kwanza Hispania kuhukumu watu kifungo juu ya matusi ya kibaguzi kwenye uwanja wa kabumbu. Wasikilizaji wasielewe vibaya: kule, mtu asiyekuwa na kosa la zamani na aliyehukumiwa chini ya miaka miwili kwa kawaida haingii gerezani. Lakini hukumu inabaki kwenye faili yake, na akirudilia, mlango wa gereza uko wazi. Mwaka wa 2025 wengine watano walihukumiwa Valladolid, na wanne wa ile sanamu ya daraja wakahukumiwa Madrid, wote kwa vifungo vilivyosimamishwa.

Na hapa haki inaomba jambo lisemwe kwa Tebas pia: katika kesi ya Valencia, La Liga ilisimama mbele ya tribinali kama mmoja wa washitaki, pamoja na Real Madrid na shirikisho. Ni taasisi ileile iliyomwambia mchezaji ajielimishe. Haikuwa imepata nguvu mpya ya sheria katikati ya hizo siku mbili. Kilichokuwa kipya ni kwamba dunia ilikuwa inaangalia, na kunyamaza kulikuwa kumeanza kugharimu kuliko kusema. Ndiyo maana maneno ya "hatuna nguvu" yanapaswa kusikilizwa kwa sikio moja tu.

Italia inafanya mtu aelewe jambo hilo vizuri zaidi, na huko aliyetukanwa ni mtu ambaye Wakongomani wanamhesabu nusu kama wao. Romelu Lukaku alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, na wazazi wake wanatoka Congo; baba yake Roger aliichezea timu ya taifa ya Zaire. Tarehe 1 mwezi wa tisa 2019, Lukaku alipiga penalti ya Inter kule Cagliari, na nyuma ya goli zikatoka sauti za nyani. Video ilizunguka dunia nzima. Hakimu wa michezo wa ligi ya Italia akachunguza na kuamua kwamba hakuna azabu kwa Cagliari: sauti zile, kwa ukubwa wake na kwa namna zilivyosikika, hazikutosha kuitwa za kibaguzi. Na kundi moja la mashabiki wa Inter, timu ya Lukaku mwenyewe, likamwandikia barua ya wazi kumweleza kwamba huko Italia hilo si ubaguzi, ni namna tu ya kumsumbua mpinzani. Ni ajabu ile: aliyepigwa anaelezewa na wengine kama imemuuma ao haikumuuma.

Miezi mitatu kisha hapo, viongozi wa Serie A waliamua kuonyesha kwamba wanapigana na ubaguzi. Mkurugenzi wa ligi, Luigi De Siervo, akaita waandishi wa habari Milano na kufunua picha tatu za kuchora zilizokusudiwa kwa kampeni hiyo. Ni picha za nini? Za nyani watatu. Mchoraji alieleza kwamba nia yake ni kusema sisi wote ni nyani. AC Milan na AS Roma wakapinga mbele ya watu wote, na De Siervo akaomba msamaha. Hapo hapakuwa na hasira ya usiku mmoja kama kwa Tebas. Ni watu waliokaa kwenye mikutano, wakaagiza kazi na kuikubali, na inaonekana kwenye meza ile hapakuwa na mtu wa kuwaambia: mabwana, hii mambo haiwezekani.

Lukaku hakuwa amemaliza. Tarehe 4 mwezi wa nne 2023, kwenye uwanja wa Juventus, alitukanwa tena, akafunga penalti ya dakika za mwisho, akaweka kidole kwenye midomo na kupiga saluti. Mwamuzi akampa kadi ya manjano ya pili. Nje. Kisha mchezo aliandika kwamba yaliyompata 2019 yamerudia, na kwamba safari hii anatumaini ligi itachukua hatua za kweli. Sehemu ya uwanja wa Juventus iliyoamriwa kufungwa ilifunguliwa tena kwenye rufaa. Rufaa ya kadi ya Lukaku yenyewe ilikataliwa. Ilibidi mkubwa wa shirikisho la Italia, Gabriele Gravina, atumie nguvu ya pekee anayopewa na sheria, sawa vile rais wa inchi anavyotoa msamaha kwa mfungwa, ili mchezaji aruhusiwe kucheza tena. Wengi walimsifu. Walikuwa na haki kumsifu, lakini neno lenyewe linashangaza: aliyetukanwa ndiye aliyehitaji msamaha.

Kule Hispania, katika ligi ya daraja la tatu inayosimamiwa na shirikisho, hata huo msamaha haukuja upesi. Tarehe 30 mwezi wa tatu 2024, golikipa Cheikh Sarr, Msenegali wa Rayo Majadahonda, alimfuata shabiki aliyekuwa anamtukana nyuma ya goli lake kwenye uwanja wa Sestao River. Mwamuzi akampa kadi nyekundu, na wenzake wote wakatoka pamoja naye. Uamuzi wa kwanza wa kamati ya shirikisho: mchezo ni 3-0 kwa Sestao, Majadahonda inakatwa pointi tatu, Sarr anakaa nje michezo miwili. Sestao nayo ilipata faini ya euro 6,001 na michezo miwili bila watu. Kwa karatasi, sheria ilifuatwa: timu inayotoka uwanjani inapoteza. Lakini Majadahonda yote iliadhibiwa kuliko yule aliyeanzisha.

Wakati Mike Maignan, golikipa mweusi wa AC Milan na wa Ufaransa, alipotoka uwanjani Udine tarehe 20 mwezi wa kwanza 2024, mambo yalienda tofauti kidogo. Alikuwa ameisha kumwambia mwamuzi, tangazo lilikuwa limetolewa, sauti zikarudi. Akatoka, na timu nzima ikamfuata. Kisha dakika chache wakarudi na kushinda 3-2. Udinese walimfungia shabiki mmoja uwanja wao kwa maisha yake yote, na hesabu ya waliofungiwa ikaendelea kupanda. Mkubwa wa FIFA, Gianni Infantino, akasema kwamba timu ambayo mashabiki wake wanaleta ubaguzi mpaka mchezo unavunjika ipoteze moja kwa moja. Maneno mazito. Lakini azabu ya kwanza ya Udinese, mchezo mmoja bila watu kabisa, ilipunguzwa kwenye rufaa na kuwa kufunga sehemu ya uwanja tu. Rufaa, tena rufaa. Pengine pahali pa kuangalia ugumu wa kiongozi si kwenye hotuba ya kesho yake asubuhi. Ni kwenye ile rufaa ya baadaye, wakati kamera zimeisha kuondoka.

Kuna tofauti moja kati ya mambo yaliyosaidia na yale yasiyosaidia, na inaonekana katika mifano hii yote. Mabango ya "hapana kwa ubaguzi", fulana za kampeni, hata mchezo wa kirafiki wa Hispania na Brazil uliopangwa Madrid mwezi wa tatu 2024 kwa jina la "ngozi moja", vilipita kama mvua ya jioni. Siku moja mbele ya mchezo huo, Vinícius alilia mbele ya waandishi wa habari na kusema kwamba hamu yake ya kucheza inazidi kupungua. Kilichosaidia ni mtu mmoja mmoja kutambuliwa kwa kamera, kuitwa kwa jina lake na kusimama mbele ya hakimu. Uingereza, tarehe 15 mwezi wa nane 2025, Antoine Semenyo wa Bournemouth, mchezaji wa Ghana, alimwambia mwamuzi kwamba kuna mtu anamtukana kwenye uwanja wa Liverpool. Mchezo ulisimama katika dakika ya 29, mtu huyo akatolewa uwanjani, na polisi wakamkamata. Semenyo alibaki na kufunga magoli mawili. Ubaguzi haukuisha Uingereza juu ya hapo. Lakini hakuna aliyemwambia Semenyo ajielimishe.

Congo iko ndani ya habari hii kwa njia nyingine pia, kwa mfuko wake. Mwaka wa 2025 serikali ya Kinshasa ilitia sahihi mapatano na vilabu vitatu vya Ulaya, AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona, ili kutangaza inchi. Kwa Barcelona, magazeti yalitaja zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka minne, na maneno ya kuitaja Congo kama moyo wa Afrika yakawekwa mgongoni mwa nguo za mazoezi. Huku mashariki wengi waliuliza pesa hizo zinatoka wapi wakati watu wanalala kambini. Swali hilo liko na uzito wake na litabaki. Lakini kuna la pili ambalo halijaulizwa sana: vilabu viwili kati ya hivyo vitatu vinacheza katika ligi za Tebas na De Siervo, na Milan njo kilabu cha Maignan. Mikataba hutiwa masharti. Wakubwa wa ligi wameonyesha wanasikia haraka nani anayelipa. Inchi inayoweka jina lake kwenye nguo inaweza kuuliza kilabu kitafanya nini siku mchezaji mwenye asili ya Congo atatukanwa kwenye uwanja wake.

Na matusi hayasubiri ndege ya Ulaya. Mwezi wa kwanza 2024, kwenye Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, kisha mchezo wa Congo na Morocco uliomalizika 1-1, kapteni Chancel Mbemba alivutana kwa maneno na mkufunzi wa Morocco, Walid Regragui, na kisha hapo kurasa zake za mitandao zikajazwa na picha za nyani. CAF ilimsimamisha Regragui michezo minne, miwili kati yake kwa masharti. Kwenye rufaa azabu ikafutwa. Wale walioandika matusi ya nyani kwenye simu zao walibaki pembeni ya mashitaka yote hayo.

Mwezi wa tano 2024, kwenye mkutano wake wa Bangkok, FIFA iliomba mashirikisho yote 211, na FECOFA ni mmoja wao, waweke ubaguzi kama kosa la pekee katika sheria zao za azabu. Ikaleta pia alama: mchezaji anavuka mikono yake kwenye vifundo, mwamuzi anasimamisha mchezo; matusi yakirudi anawatoa wachezaji kwa muda; yakirudi tena anauvunja, na timu ya waliotukana inapoteza. Sheria ya azabu ya FIFA yenyewe haisemi rangi ya ngozi peke yake. Inataja asili ya kabila, taifa, luga na dini. Huku mashariki kila mtu anajua neno la kutukana kabila linaweza kufika wapi likitoka kinywani mwa watu wengi kwa pamoja. Kwa sheria hiyo, mwamuzi anayechezesha Bukavu ao Bunia na kusikia mashabiki wanamrudisha mchezaji "kwao" hahitaji kungoja asikie sauti ya nyani ndipo apulize filimbi.